Moto Kwenye Mafiga ya Bi Somoe

Kijiko kiligonga ukingo wa bakuli mara mbili, polepole. Eufrasia alifumbua macho gizani akasikiliza. Upande wa pili wa ukuta Bi Somoe alikuwa anakoroga uji wa daku, na kwa kuwa ukuta wenyewe haukufika juu kwenye bati, miaka yote waliyopanga pamoja katika nyumba ile ya Mjimwema hakuna aliyepiga chafya usiku asipewe pole asubuhi. Ilikuwa siku ya kwanza ya mfungo. Eufrasia, ambaye mtaani walimwita Mama Romanus, alikuwa Mkatoliki tangu utotoni, lakini kila Ramadhani alizoea kuamshwa na kijiko hicho, akageuka upande wa pili na kulala tena, vizuri kuliko mwanzo.

Safari hii hakulala. Baada ya kijiko alisikia kifuniko cha sanduku la bati kikifungwa, kikagoma, kikafungwa tena kwa nguvu. Mtu hafungi sanduku saa ya daku kama hana safari. Alijifunga kitenge cha pili begani akatoka uani.

"Monile, mama," Bi Somoe alimsalimu kwa Kingoni chake cha kubabaisha. Alikuwa amechutama karibu na mafiga yake, kibatari miguuni, kanga imefungwa kiunoni kwa safari.

"Acha Kingoni changu, utakivunja. Unakwenda wapi?"

"Tunduru. Utingo wa basi alipita jana jioni wewe ukiwa kwenye jumuiya ya kanisa. Anasema shimo limemwangukia Twaha kule kwenye machimbo ya Muhuwesi. Yuko hai. Zaidi ya hapo hajui."

Twaha alikuwa mwana wa pekee wa Bi Somoe. Mwaka uliopita aliiacha mikorosho ya baba yake kule Nalasi akafuata vijana wenzake kuchimba mawe ya rangi, kama nusu ya vijana wa kusini. Eufrasia aliingia ndani akatoka na viazi vitamu alivyochemsha jana, akavifunga kwenye jani la mgomba na kuviweka juu ya sanduku. Halafu akakumbuka.

"Umefunga wewe."

"Vya jioni. Nitafuturia njiani." Bi Somoe aliokota jani, akalitia kwenye kikapu, kisha akatoa ufunguo kwenye pindo la kanga. "Chumba hicho kwako. Na nina ombi jingine. Nikirudi nataka nihadithiwe mwezi mzima. Nani kazaa, nani kaoa, nani kamfukuza mkewe na kamrudisha. Sitaki kurudi mgeni."

"Myao na umbea."

"Nyie mnaita umbea. Sisi tunaita habari."

Walicheka kidogo, kwa kukosa kitu kingine cha kufanya. Eufrasia alimbebea kikapu mpaka stendi, na basi lilipoondoka matope yalimrukia mpaka magotini.

Mvua za Februari za Songea hazina adabu. Zilinyesha asubuhi, zikanyesha mchana, na wiki ya kwanza haikuisha kabla habari hazijafika kwamba barabara ya Tunduru imekatika mahali na malori yamepanga mstari upande huu na upande ule. Hakuna basi lililofika, hakuna utingo, hakuna salamu. Eufrasia akawa hatulii. Alifagia ua, akasahau kwamba amefagia, akachukua ufagio tena. Alianza kuchambua kunde akaziacha akaenda barabarani kutazama, akarudi akakuta kuku wamezimaliza.

Kitu kimoja kilimsaidia: kukusanya habari. Kila kilichotokea alikiweka moyoni kwa ajili ya Bi Somoe, na akawa anajisemea ndani kwa ndani jinsi atakavyokisimulia. Mke wa fundi cherehani kajifungua pacha, wote wasichana, na fundi kashona gauni mbili kutoka kitambaa cha mteja. Mvua ya mawe imeezua bati la Walburga. Mbolea haitolewi tena kama zamani, kila mtu ajinunulie, na watu wa Namtumbo wanasema mwaka huu watapanda tumbaku robo. Mwaka huu kuna uchaguzi wa vyama vingi, basi bendera za kila rangi zimeota kwenye miti, na Padri kawaambia watu kanisani kwamba jirani ni jirani hata akichomeka bendera usiyoipenda wewe. Mwalimu Tumpe wa chumba cha mbele, Mnyakyusa, kachumbiwa na bwana afya, lakini anajifanya hajui.

Wiki ya pili alikuja Henry.

Nyumba ilikuwa ya baba yake, Mzee Athanasi, ambaye alihamia shamba na kuacha kila kitu mikononi mwa mwanawe. Henry alikuwa amefanya kazi Dar es Salaam katika shirika la umma, hadi shirika lilipopunguza watu naye akapunguzwa. Sasa alikuwa amerudi na viatu vizuri na fikra ya kuuza mitumba. Alipiga hodi kistaarabu, akavua kofia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu kigoda."

Hakukaa. "Bibi, nasikia yule mama wa Kiyao ameondoka."

"Kasafiri. Mwanawe kaumia."

"Pole yake. Lakini watu wanasema kaenda kwao moja kwa moja. Nina marobota yangu yananyeshewa kwa rafiki yangu. Chumba kikikaa kitupu ni hasara, bibi. Siku hizi ni biashara huria."

"Si kitupu. Kina mwenyewe."

"Yuko wapi?"

Eufrasia alitazama mlango uliofungwa, na mafiga matatu ya Bi Somoe kwenye pembe ya ua, yamelowa, majivu yake yamekuwa tope.

"Nitapita tena wiki ijayo kuchukua ufunguo," Henry alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha zaidi. Mtu mkali ungeweza kumgombeza.

Siku nzima iliyofuata hakuweza kukaa. Kwa Wangoni wa zamani, mama yake alikuwa akimwambia, nyumba ambayo moshi hautoki jioni watu huanza kuihesabu kama gofu, hata kama mwenyewe kaenda tu kisimani. Saa kumi ya jioni alichukua jembe, akakwangua tope kwenye mafiga ya Bi Somoe, akaleta kuni kavu kutoka chini ya kitanda chake, akawasha moto pale. Ili moto usionekane wa kipumbavu, akabandika sufuria ya uji. Ili uji usiharibike, akautia karanga.

Jua lilipokuwa linazama, mlango wa ua ulisukumwa. Alikuwa Mzee Kawanga, fundi baiskeli wa pale njia panda, Myao mwenzake Bi Somoe, mtu mwembamba ambaye familia yake ilikuwa Namtumbo na yeye alilala kibandani peke yake. Alishika bakuli lake la bati kwa mikono miwili.

"Alhamdulillahi, kumbe amerudi," alisema. "Nimeona moshi."

Eufrasia alielewa mara moja. Kila Ramadhani Bi Somoe alikuwa akimpa mzee huyu futari, na yeye, Eufrasia, aliyejua hata idadi ya viraka vya shuka la Bi Somoe, hakuwahi kujiuliza mzee yule mwaka huu anafuturu wapi.

"Hajarudi," alisema. "Lakini uji upo. Kaa."

Mzee Kawanga alisita. Hakutazama uji, alitazama pembeni, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kubadili kauli. "Wewe hukufunga, Mama Romanus. Unajisumbua."

"Nimeshajisumbua tayari. Leta bakuli."

Kabla ya kumpakulia alifanya ishara ya msalaba na kubariki chakula kwa sauti, kama alivyofanya siku zote za maisha yake, na alipofika mwisho akashtuka, akafunika mdomo. Mzee Kawanga akasema "Amina" bila kuinua uso, akasubiri adhana.

Kesho yake alikuja na fundi cherehani, baba wa wale pacha, ambaye mkewe alikuwa bado kitandani. Keshokutwa akaja dereva wa lori lililokwama, kijana wa Kimakua ambaye hakujua mtu Songea. Hakuna aliyekuja mikono mitupu. Mmoja alileta mihogo, mwingine mahindi mabichi, Mzee Kawanga siku moja alileta sukari ndani ya karatasi, kidogo sana, akaikabidhi kama mtu anayekabidhi mahari. Mwalimu Tumpe, ambaye mwanzoni alikuwa akichungulia dirishani, alianza kutoka na mikeka. "Mama, umefungua hoteli," alisema, "na mimi mpangaji sina hata punguzo." Lakini ndiye aliyeosha mabakuli.

Siku moja Eufrasia nusura aharibu kila kitu. Umeme ulikuwa umekatika mji mzima, kipaza sauti cha msikiti hakisikiki, na mawingu yalikuwa mazito. Alihurumia wageni wake. Akaomba redio ya Mwalimu Tumpe, ile ya betri, akaifungulia uani, na adhana ya magharibi ilipotoka Dar es Salaam, safi kabisa, akapiga makofi: "Haya, baba zangu, tayari. Karibuni."

Fundi cherehani alikuwa na njaa ya kweli. Alishika bakuli akapiga funda moja kubwa. Mzee Kawanga alikuwa bado ameinua shingo anatazama Matogoro, ambako kati ya mawingu mawili mwanga wa jua ulikuwa umelala juu ya mlima, wa njano, hauna haraka.

"Mama Romanus," alisema taratibu, "hiyo ni magharibi ya kwao. Jua likishatoka Dar lina safari bado mpaka lituage sisi."

Wote wakamgeukia fundi. Fundi alikuwa na uji mdomoni, hajui ameze au ateme.

"Wewe umefungulia Kariakoo," dereva alimwambia. "Utalipa siku hiyo kwa nauli."

Walicheka mpaka dereva akaegemea ukuta. Eufrasia hakucheka, alikuwa karibu kulia. Aliona amemharibia mtu ibada yake kwa sababu ya kiherehere chake. Fundi akaweka bakuli chini, akafuta mdomo. "Mama, usijali. Siku hii nitailipa baada ya Idi, nikuletee taarifa uji wa nani ulinikosesha." Na tangu siku hiyo kila jioni, kabla ya kugusa chakula, alimwuliza kwanza Eufrasia kwa heshima kubwa: "Mama, leo tunafuata saa za wapi?"

Hiyo nayo aliiweka kwa ajili ya Bi Somoe. Aliona atakavyoipokea, atakavyojipiga paja.

Henry alirudi kama alivyosema, na hakuja peke yake. Alikuja na mkokoteni, marobota matatu juu yake yamefunikwa nailoni, na msukuma mkokoteni akitweta. Bahati yake mbaya alifika wakati watu wapo kwenye mikeka wametulia, bakuli mbele ya kila mmoja, wanasubiri. Moto wa Bi Somoe ulikuwa unawaka vizuri. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, kwa sababu Eufrasia alikuwa ametoa humo jamvi la kuswalia, na ndani kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Henry alisimama mlangoni. Hakuna aliyemzuia. Hakuna aliyesema neno la chumba.

"Karibu, mwanangu," Mzee Kawanga alisema, akasogea kumwachia nafasi. "Bado kidogo tu."

Unaweza kumwondoa mpangaji, unaweza hata kugombana na bibi kizee. Lakini kijana aliyelelewa Songea hawezi kupitisha marobota juu ya vichwa vya watu waliofunga wanaosubiri adhana. Henry alitazama viatu vyake, akavivua, akakaa. Alipewa bakuli naye, na kwa kuwa hakuna aliyekula, hakula. Msukuma mkokoteni alikaa pia. Adhana ilipolia, fundi akauliza swali lake kuhusu saa, wote wakacheka, na Henry akacheka bila kujua kwa nini.

Alipomaliza alimfuata Eufrasia pembeni. "Bibi, umenipatia."

"Sijakufanya chochote, baba. Umekula uji."

"Nakuomba tuelewane. Mfungo huu sitauvuruga, mama yangu mwenyewe angenilaani. Lakini Idi ikipita na yule mama hayupo, ufunguo utanipa. Nina watoto na mimi."

"Idi ikipita na hayupo," Eufrasia alisema, "nitakupa kwa mkono wangu."

Kesho yake Henry alituma mfuko wa sukari, na jina lake halikutajwa. Eufrasia aliujua kwa kamba ya robota iliyoufunga.

Tangu hapo hakupata usingizi wa kueleweka. Kila siku alikwenda stendi. Barabara ikatengenezwa, ikakatika, ikatengenezwa. Mabasi yakaanza kufika yakiwa na rangi moja ya udongo, na yeye akasimama mlangoni akitazama kila anayeshuka, hata wanaume, kama vile Bi Somoe angeweza kuwa amejificha ndani ya mwanaume. Utingo mmoja alimwambia Twaha amekufa. Utingo mwingine alisema aliyekufa ni mwenzake, Twaha alionekana amebebwa kwenye machela. Wa tatu alimwambia, "Bibi, kule wanaumia wengi, sijui wako ni yupi." Huyu wa tatu alimnunulia chai, na Eufrasia alimkumbuka kwa chai hiyo kuliko kwa maneno yake.

Siku ya Mashujaa wa Majimaji alikwenda Mahenge, pale pale mjini, kama kila mwaka, maana babu wa mama yake alinyongwa na Wajerumani pamoja na wale wengine. Wazee walivaa ngozi na kushika ngao, ngoma ya lizombe ikachezwa mpaka ardhi ikatetemeka chini ya miguu, na mkuu mmoja akahutubia kwa muda mrefu juu ya soko huria na amani. Miaka mingine Eufrasia angekaa mpaka mwisho na kurudi na sauti imekauka kwa vigelegele. Mwaka huu aliona jua linateremka na ngoma ikawa inampigia jambo moja tu: moto, moto, moto. Aliondoka katikati. Shemeji yake Klementina alimshika mkono.

"Unawaacha mababu kwa ajili ya uji wa Wayao?"

"Mababu wameshakufa, shemeji. Fundi cherehani bado."

Alikwenda mbio kiasi cha miguu yake. Alikuta Mzee Kawanga ameshawasha moto mwenyewe, amefukizwa na moshi mpaka machozi yanamtoka, na uji umeshika chini. Waliunywa hivyo hivyo. Hakuna aliyesema umeungua.

Jumatano ya Majivu iliangukia ukingoni mwa mfungo, siku ambayo jioni yake Waislamu wangeanza kutazama mwezi. Eufrasia alipakwa majivu asubuhi, akarudi akafunga kama Kanisa linavyoagiza, akapika kama kawaida. Jioni alipoinama kupakua, Mzee Kawanga alimtazama usoni kwa huruma, akatoa leso yake, akaichovya ncha kwenye maji ya kunawia.

"Mama Romanus, moshi wa mafiga haya umekupaka hapo juu. Jifute."

Mwalimu Tumpe alicheka kwanza. Eufrasia alieleza kwamba si masizi, ni majivu ya kanisani, na kwamba leo yeye pia hajaonja kitu tangu asubuhi. Mzee alirudisha leso mfukoni haraka, amefedheheka, kisha akaitoa tena, akaikunja vizuri akaiweka juu ya kigoda ili Eufrasia akalie sehemu kavu.

"Basi leo wewe unatangulia," alisema. "Adhana ikilia, unywe kwanza wewe."

Adhana ililia. Eufrasia alikuwa ameshika bakuli, hajalifikisha mdomoni, mlango wa ua uliposukumwa. Mwanamke alisimama pale, matope mpaka kwenye nyonga, sanduku la bati kichwani. Alitazama moto kwenye mafiga yake. Alitazama wanaume kwenye mikeka, Mwalimu Tumpe, sufuria, na Eufrasia na alama yake nyeusi kwenye paji la uso.

"Kumbe nimekufa," Bi Somoe alisema. "Mnafanya arobaini yangu."

Walimpokea sanduku, wakampa maji, wakampa kigoda, hakuna aliyeuliza. Mgeni wa safari ngumu haulizwi na haambiwi neno zito kabla hajala. Alikunywa uji mabakuli mawili. Ndipo Mzee Kawanga akamwuliza kwa Kiyao, na yeye akajibu, na Eufrasia akaona mabega ya mzee yanashuka. Twaha alikuwa hai.

Mwezi haukuonekana jioni ile kwa mawingu. Wanaume walipokwenda msikitini wakabaki wawili, na Eufrasia hakuweza kusubiri tena. Alianza mwezi tangu mwanzo. Pacha na gauni mbili za kitambaa cha mteja. Bati la Walburga. Mbolea, bendera, maneno ya Padri. Mwalimu Tumpe na bwana afya, hapo wakashusha sauti kwa sababu ya dirisha. Kariakoo. Bi Somoe alijipiga paja kama ilivyotarajiwa, akacheka mpaka kanga ikamwanguka, akataka kusimuliwa tena, na safari hii aonyeshwe fundi alivyoshika bakuli. Klementina na mababu. Leso. Habari zilitoka moja baada ya nyingine.

Akaweka ya chumba mwisho, kama mnofu.

"Na chumba chako kipo. Henry alikitaka kwa marobota yake. Sikumpa. Ndiyo maana ya moto huu wote. Tumekubaliana, Idi ikipita na wewe hupo achukue. Sasa upo. Atakuja keshokutwa, mwambie mwenyewe."

Bi Somoe alichukua kijiti akasukuma kaa lililokuwa limetoka nje ya mafiga.

"Mguu wa Twaha haukunjiki," alisema. "Daktari anasema mfupa utaunga, lakini shimoni harudi, na jembe hashiki mwaka huu. Mkewe ana mimba kubwa, na wale wawili bado wadogo. Mikorosho imezingirwa na nyasi mpaka shina hulioni. Nimeingia na panga siku moja nikatoka ninalia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimekuja kuchukua vyombo, Mama Romanus."

Eufrasia alisimama, akaketi, akasimama tena. "Nimewapikia wanaume wa watu mwezi mzima."

"Najua."

"Utajuaje na wewe hukuwepo? Ulikuja na neno hilo mdomoni, ukaniacha nicheke kama mpumbavu, mpaka nimemaliza."

"Nilijua tangu Namtumbo. Dereva aliyenipa lifti ananiambia, kuna bibi mmoja wa Kingoni Mjimwema anafuturisha Waislamu. Nikamwambia, huyo simfahamu. Wangoni ninaokaa nao mimi hawakupi hata maji ya kunawa."

Eufrasia hakutaka kucheka. Kicheko kilimtoka puani, kikageuka kitu kingine, akajifuta kwa kitenge, na majivu ya paji la uso yakasambaa mpaka shavuni.

"Nilipofika mlangoni nikaona moto," Bi Somoe alisema, "ulimi ukawa mzito. Nilisema nitakuambia baada ya kula. Halafu nikasema baada ya habari. Nilizitaka habari zangu." Akatupa kijiti motoni. "Ungejua, ungeuacha uzime?"

Eufrasia alitaka kusema ndiyo, kwa hasira iliyobaki.

"Kawanga angekula wapi," alisema.

Idi ilikuwa keshokutwa yake. Walipika pilau kwenye mafiga yale yale, wawili, wakigombana juu ya chumvi. Henry alikuja na wanawe watatu wamevaa mashati ya mtumba yaliyopigwa pasi, na Bi Somoe akamwambia kabla hajaketi: chumba chukua. Henry aliduwaa. Alimtazama Eufrasia kana kwamba anaomba radhi kwa kushinda, na badala ya kushukuru akauliza mzigo wa mama utabebwa na nani.

Aliubeba yeye. Siku ya pili ya Idi mkokoteni ule ule ulitoka na sanduku, kitanda kilichofumuliwa, vinu na masufuria, Henry akiusukuma mwenyewe na viatu vyake vizuri ndani ya matope, Mzee Kawanga akishikilia upande mmoja ili sufuria kubwa isianguke. Mafiga yaliachwa. Bi Somoe alisema hayana nauli.

Stendi Eufrasia alishughulika kuliko wote. Alikaza kamba ambayo Henry alikuwa amekwisha kuikaza. Alimwuliza utingo kama bati halivuji. Alinunua ndizi, akaona hazijaiva, akaenda kubadilisha. Bi Somoe alikaa dirishani akimtazama.

"Nenda nyumbani, Mngoni. Mvua hiyo inakuja."

"Nimeiona."

"Basi nenda. Utapata homa, na mimi sipo kukusikia ukikohoa."

Injini iliwaka. Eufrasia alishika ukingo wa dirisha kwa vidole vyote. Miaka yote ile hakuwahi kumwambia mwanamke huyu karibu, wala hodi, wala njoo. Walikuwa wa ukuta mmoja, na mtu wa ndani hakaribishwi. Maneno yalimtoka kwa shida, kama anayatumia mara ya kwanza.

"Uje tena, Mama Twaha. Mikorosho ikishapalilika, na mguu wa mtoto ukipata nguvu. Uje unitembelee. Hata kama ni siku moja tu, uje."